Kizimba Kipi kwa Panya wa Maabara? Cha Wazi, cha Kofia ya Chujio, au cha Hewa ya Mitambo

Anayeandaa chumba cha panya wa utafiti kwa mara ya kwanza huuliza ni kizimba kipi kilicho bora, na muuzaji humjibu haraka kwamba kilicho bora ni kile cha bei kubwa. Swali lenyewe halijibiki mpaka litanguliwe na lingine: ni nani anayelindwa, na analindwa dhidi ya nani? Wapo panya wanaohitaji kukingwa na vijidudu vinavyoingia chumbani pamoja na watu. Wapo watu wanaohitaji kukingwa na maradhi waliyoyapandikiza wenyewe kwa panya. Na ipo hali ya tatu, inayosahauliwa sana, ya panya kuhitaji kukingwa na panya wa kizimba cha jirani. Aina tatu za vizimba zinazolinganishwa hapa hulijibu swali hilo kwa njia tofauti, na kila moja hudai malipo yake, mengine ya fedha na mengine ya jasho la wahudumu.

Panya ninayemzungumzia ni yule mdogo, Mus musculus, ambaye ndiye mnyama anayetumika zaidi katika utafiti wa tiba. Panya mkubwa, Rattus norvegicus, nitamrudia mwishoni, kwa kuwa mahitaji yake ya nafasi yanabadilisha hesabu.

Vizimba vyenyewe

Kizimba cha wazi ni beseni la plastiki lenye kifuniko cha nondo za waya, ambacho ndani yake kuna hori la chakula na mahali pa kulaza chupa ya maji. Hewa ya panya ni ile ile ya chumba. Kizimba cha kofia ya chujio ni beseni hilo hilo lililofunikwa kwa kofia ya plastiki yenye dirisha la kitambaa maalumu, linalopitisha hewa na kuzuia vumbi. Asili ya wazo hilo ni kazi ya Lisbeth Kraft, aliyeonesha mwaka 1958 kwamba kufunika vizimba kwa chujio kunazuia mlipuko wa kuhara kwa watoto wa panya usiruke kutoka kizimba kimoja hadi kingine. Aina ya tatu ni kizimba cha hewa ya mitambo: kila kizimba kimezibwa kwa mpira na kuchomekwa kwenye rafu yenye mabomba, na feni hukisukumia hewa iliyokwisha kupita kwenye kichujio cha HEPA, ambacho hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3.

Kwa upande wa nafasi, tofauti si kubwa. Mwongozo wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, toleo la nane la mwaka 2011, unampa panya mwenye uzito unaozidi gramu 25 eneo la sentimeta za mraba 96.7 au zaidi, na kimo cha kizimba cha sentimeta 12.7. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 inataka kizimba kisipungue sentimeta za mraba 330, hata kama panya waliomo ni wachache. Beseni la kawaida lenye eneo la takriban sentimeta za mraba 500 litabeba panya watano waliokomaa katika mifumo yote mitatu, kwa hiyo uamuzi hauko hapo. Uamuzi uko kwenye hewa.

Hewa, mkojo na pua

Mkojo wa panya una urea. Bakteria waliomo kwenye kinyesi huivunja urea hiyo na kuigeuza kuwa amonia, na kadiri matandiko yanavyolowa ndivyo kazi hiyo inavyokwenda kasi. Mambo mengi ya utunzaji, kuanzia siku ya kubadilisha matandiko hadi idadi ya panya kwa kizimba, yanazunguka tendo hili dogo la bakteria.

Katika kizimba cha wazi amonia hupanda, hutoka kati ya nondo na kuchanganyika na hewa ya chumba, ambayo kwa desturi hubadilishwa mara 10 hadi 15 kwa saa. Pua ya mhudumu ndiyo kipimo cha kwanza: chumba kikinuka, matandiko yamechelewa. Ni kipimo cha kishamba lakini ni cha kweli, kwa sababu mtu na mnyama wanavuta hewa moja.

Kizimba cha kofia ya chujio kinauvunja uaminifu huo. Kile kitambaa kinachozuia vumbi na vijidudu kuingia kinazuia pia amonia, mvuke na kabonidayoksaidi visitoke. Chumba hubaki na harufu nzuri, mgeni akipita anasifu usafi, ilhali ndani ya kizimba panya amelala, pua yake ikiwa kwenye hewa kali yenye unyevu mzito. Amonia ya kiwango cha juu huharibu utando laini wa pua ya panya, na utando ulioharibika ni hasara mbili kwa pamoja: mnyama anaumia, na utafiti wowote unaohusu njia ya hewa unachafuka. Ndiyo maana kofia ya chujio, ambayo wengi huinunua wakidhani itawapunguzia kazi, mara nyingi hudai matandiko yabadilishwe mapema kuliko kizimba cha wazi.

Kizimba cha hewa ya mitambo kinashinda hapa bila ubishi. Hewa ya ndani hubadilishwa makumi ya mara kwa saa, kwa kawaida kati ya 30 na 80 kutegemea rafu na mpangilio wake. Faida kubwa haitokani tu na kuifagia amonia, bali na kuyakausha matandiko, kwa kuwa bakteria wasio na maji hufanya kazi polepole. Matokeo yake, vituo vingi hubadilisha matandiko kila baada ya siku 14 badala ya 7. Kwa kituo chenye vizimba 1,000, hiyo ni tofauti ya kuosha mabeseni 1,000 kwa wiki au 500.

Hata hivyo, siku 14 si haki ya kuzaliwa ya kizimba. Panya watano wenye kisukari, ambao hukojoa kupita kiasi, wataloanisha matandiko kwa siku chache katika mfumo wowote ule. Njia ya kuaminika ni kupima amonia ndani ya kizimba, katika kimo cha pua ya panya, siku ya mwisho kabla ya kubadilisha, kwenye vizimba vilivyojaa zaidi. Kwa wafanyakazi, kikomo kinachotumiwa na wengi kwa kazi ya saa 8 ni sehemu 25 za amonia kwa milioni za hewa. Wahudumu wengi huazima namba hiyo kwa ajili ya panya pia, ingawa mtu huenda nyumbani jioni na panya habanduki.

Matandiko yenyewe yanaingia katika hesabu. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa hunywa mkojo vizuri na kuzuia amonia kwa muda mrefu, lakini panya wakipewa nafasi ya kuchagua hupendelea vipande vya mti laini wa aspen au karatasi, na magunzi yana viambata vinavyoweza kuvuruga mfumo wa homoni za uzazi. Maranda ya misonobari na mierezi ambayo hayakutibiwa yameachwa na wengi, kwa sababu mafuta yake huamsha vimeng'enya vya ini, na dawa inayojaribiwa kwa panya huyo itayeyushwa mwilini kwa kasi isiyo yake.

Baridi isiyoonekana

Upepo unaokausha matandiko unampuliza pia mnyama. Vyumba vya panya huwekwa kati ya nyuzi joto 20 na 26, kiwango kinachomfaa binadamu aliyevaa koti na glavu, lakini panya mwenyewe hutulia bila kutumia nguvu ya ziada ya kujipasha moto katika joto la karibu nyuzi 30. Kwa maneno mengine, panya wa maabara anaishi kwenye baridi kidogo siku zote, na kizimba cha hewa ya mitambo kinamwongezea upepo juu ya baridi. Panya aliye katika hali hiyo hula zaidi, moyo wake huenda kasi zaidi, na hata ukuaji wa uvimbe wa saratani unaweza kubadilika.

Dawa ni rahisi kiasi cha kushangaza: malighafi ya kutosha ya kiota. Panya akipewa gramu 8 hadi 10 za karatasi ndefu iliyochanwa, hutengeneza kiota chenye kuta na dari, akajifungia humo na upepo ukapita juu yake. Kipande kimoja kidogo cha pamba iliyoshindiliwa, ambacho vituo vingi hukitupia kizimbani na kuhesabu kazi imekwisha, hutoa sahani tu, si nyumba. Katika kizimba cha wazi kiota ni hitaji la msingi. Katika kizimba cha hewa ya mitambo ningekihesabu kuwa sehemu ya mtambo, kama feni na kichujio. Chini ya kofia ya chujio, ambako joto hujikusanya, baridi husumbua kidogo.

Kuna pia kelele. Sikio la binadamu huishia karibu kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, wakati panya husikia sauti zinazofika kilohezi 80 na zaidi. Feni inayoonekana kimya kwetu inaweza kuwa inapiga filimbi kwa panya usiku kucha, na mtetemo wake hupita moja kwa moja kwenye chuma cha rafu. Feni zilizowekwa nje ya rafu, au nje ya chumba kabisa, zinastahili gharama yake.

Maradhi, na namna ya kuyagundua

Kwa kuzuia maambukizo, kizimba cha wazi hakina cha kujitetea: panya mmoja akiingia na virusi, chumba kizima ni chake. Kofia ya chujio huzuia vizuri, na kizimba cha hewa ya mitambo huzuia zaidi. Lakini zote mbili hulinda zikiwa zimefungwa tu. Kizimba kikifunguliwa juu ya meza ya kawaida, kinga yote ya wiki mbili imeondoka kwa dakika moja. Ni lazima kifunguliwe ndani ya kabati la hewa safi, na glavu zinyunyiziwe dawa kati ya kizimba na kizimba. Nimeona kituo kilichonunua rafu nzuri na kukosa fedha za kabati. Kilikuwa na vizimba vya wazi vya bei ghali.

Mwelekeo wa shinikizo la hewa ni jambo ambalo halina nafasi ya makosa. Shinikizo la juu ndani ya kizimba husukuma hewa nje kupitia kila upenyo, nalo linawafaa panya wasio na kinga ya mwili, kwa mfano wale waliozaliwa bila manyoya na bila thaimasi, tezi ya kifuani inayokomaza seli za kinga. Shinikizo la chini huvuta hewa ya chumba kuingia, nalo ndilo linalotakiwa panya wanapokuwa wamepandikizwa vimelea vinavyoambukiza watu. Rafu nyingi hubadilishwa mwelekeo kwa kitufe, na kitufe hicho kinahitaji kufuli na maandishi makubwa.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba maradhi yaliyofungiwa ni magumu kugundua. Katika chumba cha vizimba vya wazi, panya wachache wa uchunguzi waliowekwa kwenye rafu za chini huambukizwa kama wenzao, na damu yao ikipimwa inasimulia habari za chumba. Katika vizimba vilivyozibwa, panya hao hupewa matandiko machafu ya wenzao, njia ambayo hukamata virusi vinavyopita kwenye kinyesi lakini hukosa vile vinavyosafiri kwa hewa, kama virusi vya Sendai, na mara nyingi hukosa utitiri wa manyoya. Suluhisho linalozidi kuenea ni kupima kwa PCR, kipimo kinachotafuta chembe za urithi za vijidudu, vumbi lililonaswa kwenye bomba la kutolea hewa. Kabla ya kununua rafu, hakikisha vumbi hilo linafika bombani. Katika baadhi ya rafu hewa huchujwa kwenye kizimba chenyewe, na bomba hubaki safi likiwa halina la kusimulia.

Afya ya wahudumu

Mkojo wa panya una protini inayosababisha mzio, iitwayo Mus m 1, inayopeperushwa na vumbi la matandiko. Mhudumu huanza na mafua na macho kuwasha, na wengine huishia kwenye pumu inayowalazimisha kuacha kazi. Kizimba cha wazi ndicho kibaya zaidi kwa hili. Kizimba cha hewa ya mitambo kinapunguza mzio mradi hewa yake chafu itolewe nje ya jengo au ichujwe, na mradi kisiwe na shinikizo la juu linalovuja chumbani. Mfumo wowote uwao, saa mbaya kuliko zote ni ile ya kumwaga matandiko machafu, na hapo barakoa ifaayo na meza yenye kufyonza hewa havina mbadala.

Jicho la mhudumu

Hili ndilo eneo ambalo mizani inarudi upande wa kizimba cha wazi, na vipeperushi vya wauzaji hulipita kimya. Kila panya anapaswa kuonwa kila siku. Kizimba cha wazi kinaonekana kutoka juu, pembeni na mbele, kikilowa kinanuka, panya akigombana anasikika. Kizimba cha rafu ya mitambo kimebanwa kati ya wenzake, kinaonekana kwa upande mmoja mwembamba, na nusu ya upande huo imezibwa na kadi ya kumbukumbu. Harufu imefyonzwa. Sauti imezibwa.

Asubuhi moja nilipita mbele ya rafu ya namna hiyo na kuona kiota kizuri kikiwa kimeegemea kona, kama vyote vingine. Kilichonirudisha ni chupa: maji yalikuwa yamepungua kwa kiasi ambacho panya watatu wasingeweza kunywa kwa usiku mmoja. Nilipokivuta kizimba, matandiko ya upande wa nyuma yalikuwa uji, na panya mmoja alikuwa amejikunyata juu ya hori, manyoya yamesimama, macho nusu. Katika kizimba cha wazi chupa ikivuja hunuka na hudondoka sakafuni. Pale mpira wa kuzibia uliyashika maji yote ndani. Tangu hapo kiwango cha maji kwenye chupa nakitazama kabla ya kumtazama mnyama, na kadi za kumbukumbu nazitaka pembeni, zisiwe mbele.

Kuna na suala la mkono. Panya anayefunguliwa kila baada ya wiki mbili huzoea watu polepole kuliko anayefunguliwa kila wiki, kwa hiyo namna ya kumshika inakuwa na uzito zaidi. Jane Hurst na Rebecca West walionesha mwaka 2010 kwamba panya wanaoinuliwa kwa bomba fupi au kwa viganja vilivyokunjwa wana hofu ndogo sana kuliko wanaonyanyuliwa kwa mkia. Bomba hilo linaweza kubaki kizimbani kama maficho. Wakati wa kubadilisha, hamisha sehemu ya kiota kikavu kwenda kizimba kipya, si matandiko yenye mkojo. Madume waliohamishwa na kiota chao hupigana kidogo, wakati matandiko ya mkojo huchochea ugomvi.

Umeme ukikatika, na beseni likioshwa vibaya

Kizimba cha wazi hakijui umeme. Kizimba kilichozibwa, feni ikisimama, huanza kujaza kabonidayoksaidi na mvuke mara moja, na chenye panya watano hujaa kabla ya chenye mmoja. Kwa hiyo mfumo wa mitambo usio na jenereta, kengele inayomfikia mtu aliye nyumbani, na orodha iliyoandikwa ya vizimba vya kufunguliwa kwanza, haujakamilika. Baadhi ya vizimba vina dirisha dogo la chujio kwenye kifuniko linaloruhusu hewa kupita feni ikizima. Kama umeme wenu si wa kutegemewa, dirisha hilo ni sharti.

Plastiki nayo ina hadithi yake. Mwaka 1998, katika maabara ya Patricia Hunt nchini Marekani, vizimba vya polikaboneti vilioshwa kwa bahati mbaya kwa sabuni kali ya sakafu. Plastiki ilioza, ikatoa kemikali ya bisfenoli A, na mayai ya panya jike wa kundi la kulinganishia yakaanza kuonesha kasoro za kromosomu. Taarifa ilichapishwa mwaka 2003. Polikaboneti ni ya bei nafuu na hustahimili nyuzi 121 katika otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, lakini hufifia na kupasuka nyufa ndogo. Polisalfoni, plastiki nyingine inayotumika katika rafu nyingi za mitambo, hustahimili nyuzi 134. Beseni lililoanza kuwa na ukungu litupwe, la mfumo wowote.

Ningechagua nini

Kwa panya wasio na kinga, kwa makundi ya kuzalisha yenye jeni adimu, na kwa kazi yoyote ya vimelea hatari, chagua kizimba cha hewa ya mitambo, na bajeti yake ihesabu kabati, jenereta na karatasi za viota kabla ya rafu ya pili. Kwa majaribio ya tabia yanayochukua wiki chache, chumba kidogo, panya wenye afya wanaotoka mahali pamoja na wahudumu wasiobadilika, kizimba cha wazi chenye matandiko ya kila wiki kinatosha, na kwa wengine ni bora, kwa sababu kila kitu kinaonekana. Kofia ya chujio ningeiweka kwa kazi fupi: karantini ya panya wageni, kusafirisha kutoka chumba hadi chumba, au wiki chache baada ya upasuaji. Kama makazi ya kudumu inakusanya taabu za pande zote mbili.

Kwa panya mkubwa, kipimo cha kwanza ni rula. Aliyekomaa husimama wima zaidi ya sentimeta 20, na rafu nyingi za mitambo zina vizimba vya chini kuliko hapo, hivyo mnyama huishi bila kujinyoosha hata mara moja. Ukikosa kizimba kirefu cha mitambo, cha wazi kilicho kirefu kinamfaa zaidi.

Anayesita aombe rafu moja ya majaribio, aijaze panya wa kawaida kwa miezi mitatu, apime amonia siku ya mwisho ya kila mzunguko, akipe kiota alama ya ubora kila asubuhi na kuiandika, na mara moja, mchana wa kazi na watu wakiwa wamesimama tayari, azime feni kwa makusudi aone inachukua muda gani kengele kulia na mtu wa kwanza kufika.